Usipunguze upepo wa tairi kwa kuogopa jua

Mhariri,

Tupe nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Kila kaskazi inapoiva na jua la Tanga likaanza kuchoma utosi, kuna ushauri unaozunguka kwenye vijiwe vya madereva, kwa mafundi pancha na kwenye simu: ukisafiri mchana, toa upepo kidogo kwenye matairi, maana joto litautanua na tairi litapasuka. Ushauri huo una nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayowaponza watu. Upepo hutanuka kwa joto, hilo halina ubishi. Lakini anayeshauri hajapiga hesabu ya kiasi gani, na ikipigwa, mambo yanageuka: tairi lililopunguzwa upepo ndilo linalotafuta kupasuka.

Kosa la kwanza liko kwenye namna ya kuhesabu joto. Asubuhi nyuzi 30, mchana tairi liko kwenye lami lina nyuzi 60, basi mtu anasema joto limezidi mara mbili, na upepo nao umezidi mara mbili. Siyo. Sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda tu, na hewa haina habari na barafu. Hewa huanza kuhesabu kutoka nyuzi 273 chini ya sifuri (ukitaka usahihi zaidi, 273.15). Kwa hiyo kabla ya kugawanya chochote ongeza 273: asubuhi ni kelvini 303, mchana ni kelvini 333 (kelvini ni nyuzi zile zile, ila zinahesabiwa kutoka huko chini). Gawanya 333 kwa 303, unapata 1.10. Nyongeza ni asilimia 10. Mwanafunzi akisahau hiyo 273 anapoteza maksi; dereva akisahau anapoteza tairi.

Kanuni hii wanafunzi wanaijua kwa jina la Mfaransa Jacques Charles, yule yule aliyepaa Paris kwa puto la haidrojeni tarehe 1 Desemba 1783. Aliibaini mnamo 1787 lakini hakuichapisha. Aliyepima upya na kuchapisha ni Joseph Louis Gay-Lussac mwaka 1802, na kwa uungwana akamtaja Charles. Inasema hivi: gesi iliyo huru kutanuka, presha yake isipobadilika, ujazo wake hupanda na kushuka sawasawa na kelvini zake. Chukua chumba cha mita za ujazo 30 kule Ngamiani. Alfajiri kina nyuzi 24, saa nane mchana kina 33. Gawanya 306 kwa 297 na utaona hewa imetaka nafasi zaidi kwa asilimia 3. Chumba hakitanuki, kwa hiyo karibu lita 900 za hewa zimetoka chini ya mlango na kwenye nyavu za madirisha, na hakuna aliyesikia kitu.

Sasa tairi. Tairi si puto. Ndani ya mpira wake mna nyuzi na, kwa matairi mengi ya gari, mikanda ya waya wa chuma, kwa hiyo ujazo wake karibu haubadiliki. Upepo uliokosa pa kutanukia hupandisha presha, na presha nayo hufuata kelvini vile vile. Hapa kuna mtego wa pili, na huu huwanasa hata walimu. Geji ya fundi haisomi presha yote iliyo ndani, inasoma ile iliyozidi hewa ya nje. Tairi lililotoboka linasoma sifuri, ilhali ndani yake bado mna hewa ya kawaida yenye PSI 14.7 (PSI ni pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha presha kilichoandikwa kwenye geji). Ukitaka kutumia kanuni, ongeza 14.7 kwanza, piga hesabu, halafu itoe tena mwishoni.

Gari dogo linalotaka PSI 32, limepimwa alfajiri nyuzi 25. Presha yote ni 46.7. Likikimbia mchana kuelekea Segera hadi tairi likafika nyuzi 60, zidisha 46.7 kwa 333, gawanya kwa 298, unapata 52.2. Toa 14.7, geji itasoma 37.5. Imepanda PSI tano na nusu, yaani takriban PSI moja kwa kila nyuzi sita. Tairi la basi lenye PSI 110 alfajiri, likifika nyuzi 70, litasoma karibu 129. Namba hiyo inatisha ukiiona kwenye geji bila kujua ilikotoka, lakini aliyetengeneza tairi aliijua. Kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva ni cha tairi baridi, na nyongeza ya joto la safari imeshaachiwa nafasi yake.

Tazama basi kinachotokea ukitii ushauri wa vijiweni. Umesimama Segera, tairi la moto linasoma 37, fundi anabonyeza sindano ya vali mpaka 32, unashukuru, unamlipa. Usiku gari limelala, tairi limerudi nyuzi 25: 46.7 mara 298, gawanya kwa 333, toa 14.7. Linasoma 27. Kesho yake unaondoka na tairi lililopungua PSI 5, na kama hukupima unaweza kukaa nalo mwezi mzima. Tairi la hivyo hukalia mabega yake badala ya kukanyaga kwa uso wote. Kila linapozunguka ubavu hujikunja na kujikunjua, na mpira unaokunjwa mara mamia kwa dakika hutoa joto lake wenyewe, joto kubwa kuliko lile la jua lililoogopwa. Presha ndani inaweza hata isipande sana. Kinachoharibika ni mshiko wa mpira na nyuzi: huanza kuachana taratibu kwa ndani bila dalili, hadi siku ubavu unapofunguka ukiwa kasi, na hapo wanasema ni jua. Ukitaka ushahidi kabla ya ajali, tazama tairi lililolikika. Likilikika pembeni zote mbili na katikati bado lina meno, limetembea na upepo mdogo. Likilikika katikati tu, limejazwa kupita kiasi.

Kwa hiyo pima alfajiri kabla gari halijatoka, au baada ya kusimama kivulini kwa muda wa saa tatu hivi. Mwendo wa pole wa kilomita moja au mbili hadi kwa fundi hauharibu kipimo. Usitumie namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi. Ile ni kikomo ambacho tairi lenyewe linavumilia, haihusu gari lako. Ikibidi kujaza tairi likiwa la moto safarini, usilifikishe kwenye namba ya kibandiko ukaridhika. Gari la 32 ukilikuta linasoma 33 huku tairi linaunguza kiganja, kweli yake ni kama 28. Lijaze lifike 36, halafu lipime upya asubuhi. Na tairi moja likiwa la moto kuliko wenzake waliobeba mzigo sawa, usilitoe upepo hata chembe: linavuja, au breki yake imekamata.

Baiskeli, ambazo mji wetu unazo nyingi, zina kesi yao. Mtu anajaza mpira asubuhi hadi 50, anaiegemeza ukutani penye jua, saa saba anasikia mlipuko. Kwa hesabu, kutoka nyuzi 25 hadi 60 presha imepanda kufika 57 au 58 tu, na mpira mzima na tairi zima havishindwi na hiyo. Kagua mahali ulipopasukia. Mara nyingi utakuta tairi la nje limechanika au waya wa ukingo umeruka kwenye rimu, mpira wa ndani ukachungulia hapo. Gundi ya viraka nayo hulainika kwa joto. Jua limemalizia tu kazi iliyoanzwa na kisu cha kutolea tairi.

Kuhusu naitrojeni inayouzwa ghali kwa wenye magari: kanuni ya Charles haibagui gesi. Naitrojeni hupanda kwa uwiano ule ule, na hewa ya kawaida asilimia 78 yake ni naitrojeni tayari. Faida moja ya kweli ni ukavu. Hewa yetu ya pwani ina mvuke mwingi, na kompresa isiyofunguliwa koki ya chini kutoa maji husukuma maji hayo hadi ndani ya tairi. Yakipata moto yanageuka mvuke na presha inapanda kuliko hesabu ya hapo juu, tena rimu inaoza kutu. Fundi anayefungua koki ya kompresa kila asubuhi anakupa sehemu kubwa ya faida hiyo bure.

Mtungi wa gesi ya kupikia usiuingize katika hesabu hii kabisa. Tumewasikia watu wazima wakigawanya kelvini za mtungi, na kwa bahati mbaya jibu wanalopata linawatuliza. Ndani ya mtungi mna kimiminika, na juu yake mvuke wake. Presha haitokani na hewa iliyofungiwa ikatanuka. Inatokana na kimiminika kinachozidi kuchemka kadiri joto linavyopanda. Charles angesema kutoka nyuzi 25 hadi 45 presha itaongezeka asilimia 7. Propani tupu, kwa joto hilo hilo, hutoka baa 9.5 hadi karibu 15.3 (baa moja ni karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida), zaidi ya asilimia 60. Tena kimiminika chenyewe hutanuka karibu mara kumi kuliko maji, ndiyo maana mtungi haujazwi hadi juu bali huachwa kwenye asilimia 80 hadi 85 ya ujazo wake. Nafasi ile tupu si wizi wa muuzaji. Mtungi uliojazwa kupita hapo, ukawekwa juani, kimiminika kikakosa nafasi, haungojei hesabu ya mtu. Usiuweke penye jua wala usiumwagie maji ya moto ili "utoe gesi yote". Ukitoa umande au barafu ubavuni huku unapika kwa moto mkubwa, hiyo ni kawaida: kimiminika kinapogeuka mvuke hunyonya joto la chuma. Na presha haikuambii gesi imebaki kiasi gani mpaka kimiminika kimekwisha; weka mtungi kwenye mizani, toa uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa juu yake.

Asiyetuamini kuhusu 273 anaweza kuipima mwenyewe jikoni, na walimu wenzetu wa shule zisizo na maabara wanaweza kuipima darasani. Watu hukimbilia bomba la sindano la plastiki kwenye maji ya moto. Hilo linaonyesha tu kwamba hewa inatanuka, halipimi kitu, kwa kuwa mpira wa pistoni hung'ang'ania ukuta na kusimama unapopenda. Chupa ya soda ya kioo ni bora. Ijaze maji hadi chini ya kizibo uyapime. Tuseme mililita 370. Halafu ikaushe, ikauke kweli: ining'inize kichwa chini juani siku nzima, usipitishe kitambaa. Tone moja la maji likibaki, kwenye nyuzi 100 litageuka mililita 80 na zaidi za mvuke, zitaisukuma hewa nje na kipimo chako chote kitakuwa cha mvuke. Kosa hili ndilo linaloharibu vipimo vingi kuliko yote.

Ziba mdomo kwa kizibo cha mpira chenye tundu moja. Kisipopatikana, kata kandambili ya mpira mgumu. Tunduni pitisha mrija mpya wa dripu pamoja na kigurudumu chake cha kufungia. Weka chupa kwenye sufuria ya maji yaliyo baridi bado, yafike shingoni, uikandamize kwa jiwe maana itaelea, ndipo uwashe jiko. Ukiitumbukiza kwenye maji yanayochemka itapasuka. Mrija uwe wazi na ncha yake iwe mbali na mvuke wa sufuria. Yakichemka hesabu dakika 10, funga kigurudumu, itoe kwa kitambaa, ipindue kwenye beseni la maji ya bomba, ncha ya mrija iwe ndani ya maji, na ufungue. Maji yatavutwa kwa kasi, kisha polepole. Subiri dakika nyingine 10.

Kabla ya kufunga tena, inua au shusha chupa hadi maji ya ndani na ya beseni yalingane. Wengi huliruka hili. Maji ya ndani yakiwa juu kwa sentimita 10, hewa ya ndani ina presha pungufu kwa asilimia moja, na inajionyesha kubwa kwa mililita tatu. Funga, toa, pima maji yaliyoingia. Kama beseni lina nyuzi 28, utapata kama mililita 60, yaani hewa iliyobaki ni 310.

Ukichora mstari kutoka 370 kwenye nyuzi 100 hadi 310 kwenye nyuzi 28 na kuuteremsha mpaka ujazo uwe sifuri, utaangukia kwenye 344 chini ya sifuri, na utasema tumekudanganya. Bado. Hewa ile ya 310 sasa imekaa juu ya maji, na imechanganyika na mvuke wake. Kwa nyuzi 28 mvuke huo unachukua milimita 28 za zebaki (kipimo kingine cha presha) kati ya 760 za presha yote. Zidisha 310 kwa 732, gawanya kwa 760: hewa kavu peke yake ni 298 na kidogo. Chora mstari upya, na utaangukia karibu kabisa na 273. Mwanafunzi akiyaona majibu mawili hayo, la kosa na la sahihi, kwenye karatasi moja, hahitaji kukaririshwa.

Kwa walimu wa Lushoto: msiandike nyuzi 100. Huko juu, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo kelvini zenu ni 368, na presha ya hewa si 760 bali karibu 645.

Na kwa kuwa tumefika Lushoto, madereva wa milimani hutuuliza swali moja. Tairi limejazwa Tanga mjini, nyuzi 30, PSI 32. Likilala Lushoto na kuamkia nyuzi 14 za Julai, je, liongezwe? Ndani, 46.7 mara 287, gawanya kwa 303, inabaki 44.2: baridi imekula PSI 2.5. Lakini hewa ya nje huko juu nayo imepungua, ni kama 12.5 badala ya 14.7, na geji inasoma tofauti ya hizo mbili, yaani 31.7. Mlima umerudisha karibu chote kilicholiwa na baridi. Usiongeze kitu. Ukiongeza huko ili geji isome 34, utakaposhuka Mombo na kurudi Tanga kwenye joto utakuta 34 na zaidi tairi likiwa limepoa, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza katika barua hii tutakuruhusu ubonyeze ile sindano ya vali.

Sisi,
Walimu wa fizikia na fundi matairi,
Tanga